Paka Anafua Nguo

Mtoto wa darasa la kwanza akiokota kipande cha gazeti kilichofungiwa vitumbua, akaanza kutamka, "Se-ri-ka-li ya-to-a ta-mko," nyumba nzima itanyamaza. Bibi ataacha kuchambua mchele. Baba atapunguza redio. Mtu atasema, "Jamani, huyu anasoma!" na mtoto atapigiwa makofi, pengine atapewa na mia tano ya kwenda nayo dukani. Hakuna atakayemuuliza tamko ni nini.

Makofi hayo nayapenda na nimeyapiga mara nyingi. Ila kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikijiuliza tunampigia mtoto makofi kwa kufanya nini hasa. Swali linaonekana la kipuuzi, maana jibu liko wazi: amesoma. Haya, kusoma ni nini?

Kiswahili chenyewe hakitusaidii sana, kwani neno hili kimelifanyisha kazi nyingi mno. Fulani "anasoma Mlimani", yaani ni mwanafunzi wa chuo kikuu, hata kama hajafungua kitabu tangu muhula uanze. Fundi "anasoma mita" ya maji. Mtu "aliyesoma" ni mtu mwenye elimu, na mara nyingi tunalisema hilo kwa wivu kidogo. Na mtoto wa Tanga au Lamu anayekwenda chuoni alasiri, juzuu kaibana kifuani, naye anasoma. Wote hao wamo ndani ya neno moja, na wanavyofanya havifanani hata kidogo.

Nimeanza kulifikiria jambo hili kwa sababu ya mabango. Pita barabara yoyote ya Dar es Salaam mwezi wa kumi na moja, wakati shule za binafsi zinatafuta watoto wa Januari, utayaona: picha ya mtoto kavaa kofia ya mahafali (miaka mitano, kofia ya mahafali!), basi la njano, namba ya simu, na chini yake, kwa herufi za rangi rangi, kwamba hapa watoto wanafundishwa kusoma kwa foniksi. Wazazi wengi wanaolilipia neno hilo hawajui maana yake. Wanajua tu kwamba mtoto wa jirani analo.

Ni kitu rahisi, na tuseme ukweli, ni kitu kizuri. Zamani, na zamani ninayoisema ni juzi tu kwa sababu mimi nimefundishwa hivyo, mwalimu aliandika b ubaoni akatuambia inaitwa "be". Kisha: be, a, ba, be, a, ba, baba. Mtoto mwepesi aligundua mwenyewe kwamba ile e ya "be" ni ya kutupa njiani. Mtoto mzito aliendelea kuibeba, akasoma "beabea", akachekwa. Mbinu ya sauti inaiondoa hiyo e mapema. Inaanza na sikio kabla ya ubao: mwalimu anauliza, neno "meza" linaanza na sauti gani? Midomo inafungwa, mmm. Hapo ndipo herufi inapoletwa, ikiwa picha ya sauti ambayo mtoto anayo tayari mdomoni. Anaziunganisha sauti, m-e-z-a, na akitaka kuandika anazitenganisha tena. Tanzania iliingia rasmi katika njia hii mwaka 2015, pale mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipopunguziwa masomo ukabaki na kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK, na walimu wakaelekezwa waanze na sauti.

Naitetea mbinu hii kwa nguvu, tena kwa sababu ya haki kuliko ya utaalamu. Darasa la watoto mia na ishirini wanaoimba "ba be bi bo bu" ni darasa ambalo arobaini kati yao wanaimba huku wanatazama dirishani. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza amewahi kukutana na mtoto anayesoma ukurasa mzima bila kukosea neno, na kitabu amekishika juu chini. Ameukariri. Si mjinga huyo, ana kumbukumbu kuliko mimi, lakini anaweza kusoma kile tu ambacho amekwishasomewa. Mpe neno ambalo hakuna aliyemtamkia, kwisha habari yake. Mtoto wa mwalimu angejua kusoma kwa mbinu yoyote ile, hata ya kuimba, kwa kuwa akirudi nyumbani kuna mtu na kuna kitabu. Ni mtoto wa mama muuza mkaa anayehitaji kuambiwa siri ya herufi waziwazi na mapema. Kumwacha aigundue mwenyewe ni kumwonea.

Wenzetu wa Marekani na Uingereza wamegombana juu ya jambo hili vizazi na vizazi. Mwaka 1955 Rudolf Flesch alitoa kitabu akilalamika kwamba watoto wa Marekani hawafundishwi sauti. Mwaka 1967 Ken Goodman akasema kusoma ni aina ya mchezo wa kubahatisha, msomaji akiongozwa na maana, na walimu wengi wakamfuata. Ugomvi haujaisha. England imefika mbali zaidi: tangu mwaka 2012 mtoto wa miaka mitano au sita katika shule za serikali hupimwa kwa maneno 40, na 20 kati ya hayo hayana maana yoyote, yametungwa tu, ili ijulikane kama kweli anazisoma herufi au anakisia.

Ugomvi wao una chanzo, nacho ni Kiingereza. Herufi 26 zinahangaika kubeba sauti arobaini na kitu, na zinazibeba ovyo. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 uliwalinganisha watoto wa nchi kadhaa za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa kujifunza kusoma, watoto wa Finland, Italia, Ugiriki na Ujerumani walisoma maneno ya kawaida kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Wale wa Kiingereza, waliopimwa Scotland, walipata asilimia 34.

Kiswahili kimekaa upande wa Wafini. A ni a, mchana na usiku. Ukishavuka vikwazo vichache, ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, dh, th, gh, unaweza kutamka neno lolote lililoandikwa. Lolote lile. Mchakato. Ubinafsishaji. Uthamini wa mali zisizohamishika. Hapo ndipo shida yetu inapoanzia, na Flesch hakuwahi kuiona. Mtoto wa Kiingereza hupata taabu kulitamka hata neno analolijua tangu utotoni. Wa kwetu anaweza kutamka hati nzima ya mahakama bila kujua nani kamshtaki nani. Lile jaribio la maneno yasiyo na maana, ambalo England inalifanya kwa dakika chache kwa mwaka, baadhi ya watoto wetu wanalifanya kila siku kuanzia asubuhi hadi kengele ya mwisho, na hakuna aliyewaambia kuwa ni jaribio.

Kabla sijafika kwenye maana, kuna jambo la sauti zenyewe linalonikera, na nisipolisema leo sitalisema tena. Tunasema tufundishe kwa sauti. Sauti za nani? Tahajia tunayoitumia ni ya Kiswahili kilichoanza kusanifishwa mwaka 1930 na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ya wakati wa ukoloni, na msingi wake ni Kiunguja. Kiunguja kina th ya thelathini na dh ya dhambi. Mtoto wa Kahama, au hata wa Mbagala ambaye wazazi wake wametoka bara, nyumbani anasikia "selasini" na "zambi", na sokoni anasikia hivyo hivyo, na kanisani mhubiri anaifokea hiyo zambi kwa kipaza sauti. Shuleni tunamwambia: sikiliza sauti, andika unachosikia. Anasikiliza. Anaandika "selasini". Tunamwekea kosa kwa wino mwekundu.

Mtoto huyu hakuikosea mbinu, aliitii neno kwa neno. Nimeona watoto wakirudishiwa madaftari ya imla yenye makosa ya namna hiyo, na kinachoonekana usoni mwao ni mshangao wa mtu aliyefuata maelekezo akaadhibiwa. Na tusijidanganye kwamba maandishi yetu yanawatendea haki hata watu wa pwani. Wapo wanaotofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi inayotoka na p, na tahajia yetu haina habari na pumzi hiyo. Sisemi tubadilishe tahajia. Nasema mtoto aambiwe ukweli: kwamba kuandika ni mapatano ya watu, sauti ni sehemu tu ya mapatano hayo, na yalifanyika mbali na kwao bila kuwauliza. Mtu wa miaka saba anaelewa mapatano vizuri sana. Si anacheza rede?

Sasa maana. Mwaka mmoja kazi ya gazeti ilinipeleka kijiji kimoja mkoani Simiyu, kutazama hayo mafunzo mapya ya KKK. Mwalimu alikuwa msichana hodari, ameokota vizibo vya soda akaandika herufi juu yake kwa kalamu ya wino mzito, watoto wanavipanga sakafuni kuunda maneno. Kijana mmoja wa darasa la pili alisimama akasoma, "Mama amekwenda kisimani kuteka maji." Safi kabisa, hakukwama popote. Mwalimu akamuuliza, nani amekwenda kisimani? Kijana akaisoma sentensi upya. Akaulizwa tena. Akaisoma tena, safari hii kwa sauti kubwa zaidi, kama anayedhani mwalimu masikio yake yana kasoro. Mwalimu akanitazama mimi, akatazama mlango, halafu akamuuliza kwa Kisukuma. Kijana akajibu palepale, na akaongeza habari za kisima cha kwao ambazo hazikuwamo kitabuni.

Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, mwongozo unasema hivyo. Katika taarifa niliyoiandika sikutaja alichofanya mwalimu baada ya kuutazama mlango. Niliandika habari za vizibo.

Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2013, kabla ya mtaala kubadilishwa, ulionesha kwamba ni takribani asilimia 8 tu ya watoto wa darasa la pili waliosoma na kuelewa kwa kiwango kilichotarajiwa. Watu waliiona namba hiyo wakasema: sauti, sauti, tufundishe sauti. Walikuwa sahihi, wengi wa watoto wale hawakuweza hata kutamka. Lakini kijana wa Simiyu alikuwa na sauti zote, na akili yake ilikuwa timamu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba sentensi ile ilikuwa inazungumzia kisima.

Ukidhani haya ni ya vijijini, karibu kwa dada yangu, Tabata. Mpwa wangu ana miaka sita na anasoma shule ya Kiingereza, moja ya zile za mabango. Anazo sauti zote 42 za foniksi ya Uingereza pamoja na nyimbo na vitendo vyake, kwa s anapinda mkono kama nyoka, na mama yake amezirekodi zote kwenye simu. Jumapili moja nilichukua risiti nikaandika nyuma yake: Paka anafua nguo. Alianza taratibu, maana shuleni hawamsomeshi Kiswahili na a yake imeshapinda ikawa ya Kiingereza. Pa-ka. A-na-fu-a. Alipofika "nguo" akanyamaza, akanikodolea macho. "Mjomba! Paka hafui nguo!" Akacheka mpaka akateleza kwenye kochi. Akataka niandike nyingine.

Nikaandika sentensi ileile kwa Kiingereza. Aliisoma haraka kuliko ya kwanza, kwa lafudhi ambayo mimi na digrii yangu sina. Nikasubiri kicheko. Akaniangalia tu. "Nimemaliza," akasema. Nikamuuliza, paka anafanya nini? Akanisomea tena.

Kile kicheko ndicho kimenifanya niandike makala hii. Ili mtoto aseme paka hafui nguo, ni lazima ameichukua sentensi akaiweka ubavuni mwa dunia anayoijua, dunia yenye paka na beseni na dada wa kazi anayefua Jumamosi, akaona haviendani, na akawa na ujasiri wa kuamini dunia yake kuliko karatasi ya mjomba. Mambo yote hayo yalitokea kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuyaeleza. Katika Kiingereza hakuna hata moja lililotokea. Karatasi ilisema, naye akasema pamoja nayo.

Kwa hiyo naelekea kuamini kwamba msomaji ni yule anayeweza kubisha. Si lazima abishe, ila aweze. Mtu anayetamka asichoweza kukibishia anatii tu, na tunao watu wazima wengi wa namna hiyo. Tunaweka vidole gumba kwenye mikataba ya mikopo ya simu tuliyoitembeza kwa kidole hadi chini kabisa mahali penye "nakubali". Ningependa kujua ni wangapi kati yetu tulianza kuzoezwa hivyo darasa la kwanza, kwa makofi.

Nilipomweleza rafiki yangu mmoja haya, naye ni mwalimu wa madrasa kule kwetu Tanga, alinikatiza kabla sijafika mwisho. "Sisi tumewafundisha watoto kusoma wasichokielewa kwa karne nyingi," akasema. "Umeona tumewaharibu?"

Huo ndio ubishi mzito kuliko yote niliyokutana nayo, kwa sababu nimepita humo mwenyewe. Alifu fataha a, alifu kasra i, alifu dhuma u. Ni ndugu wa karibu wa "be, a, ba", na watoto wa pwani walikuwa wanaunganisha irabu na herufi kabla hakujaja shule ya kizungu. Hata hilo neno "irabu" tunalotumia kwenye sarufi kwa a, e, i, o, u limetoka hukohuko kwenye alama za maandishi ya Kiarabu. Nilisoma juzuu kwa juzuu bila kujua Kiarabu, na sitakubali mtu aniambie kwamba sikuwa nafanya kitu. Nilijifunza kutuliza ulimi. Nilijifunza kwamba kosa la sauti moja ni kosa. Nilikaa mkekani katika mstari mmoja na watu ambao wengine wamekufa zamani, na nilikuwa najua kwamba nimekaa nao.

Nimemfikiria rafiki yangu kwa wiki kadhaa, na nadhani nimepata tofauti, ingawa ni nyembamba. Chuoni hakuna aliyedanganywa. Mwalimu alijua kwamba sijui Kiarabu, baba alijua, mimi nilijua, hata mbuzi wa jirani waliokuwa wakichungulia walijua. Nilikuwa nasoma kama ibada na hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na maana ilikuwa na mahali pake: iko mbele, iko kwenye darasa la tafsiri, utaifikia, na mzee fulani anayo. Sikuwahi kurudi nyumbani na karatasi inayosema nimeielewa sura. Mpwa wangu amerudi nyumbani na ripoti, na pale kwenye kusoma pameandikwa "bora sana". Mama yake ameamini. Na mwenyewe ameamini, maana mstari ukiisha anasema amemaliza. Kutamka usichoelewa hakuna ubaya. Ubaya ni kukiuza kwa jina la kuelewa, tena kwa mtu ambaye hana namna ya kukagua mzigo.

Rafiki yangu alinisikiliza akasema ni sawa, lakini akaongeza: "Na wewe unajuaje kama mpwa wako hapati kitu ambacho hawezi kukueleza?" Hilo sijalijibu.

Nchi hii imewahi kujaribu kuanzia upande wa pili. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka miwili kabla yake mradi wa majaribio wa UNESCO ulikuwa umeanza katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Waliuita kisomo chenye manufaa. Vitabu vya kwanza vilihusu kazi ya msomaji mwenyewe: mkulima wa pamba alianza na pamba, mvuvi akaanza na uvuvi. Kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama theluthi mbili mwaka 1967, na kufika mwaka 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Unaweza kuzitilia shaka takwimu hizo, na wengi walisahau baadaye kwa kukosa cha kusoma. Ila walioanzisha waliona jambo moja mapema, kwamba mtu anaingia kwenye maandishi kupitia mlango wa kitu anachokijua kuliko mwalimu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa ngumbaru wa miaka hiyo. Alisoma kwa kidole, polepole, midomo ikichezacheza. Vipimo vya siku hizi, vinavyohesabu mtoto katamka maneno mangapi kwa dakika moja, vingemwangusha asubuhi na mapema. Lakini akipeleka korosho kwenye mizani na karani akamwandikia stakabadhi, alikuwa hatoki pale. Anaishika karatasi mbali na macho, anaisoma yote, kidole kinatembea, foleni nyuma inalalamika. Halafu anasema: hapa umeandika kilo 40, mimi nimeleta 48. Mama yangu anasema makarani walikuwa wakimwona anakuja wanaanza kupima upya mapema.

Mpwa wangu anasoma mara tano haraka kuliko bibi huyo, na sitaki apunguze mwendo. Sauti anazihitaji. Ningependa tu apewe kwanza kwa maneno anayoyajua, ya Kiswahili kwa mtoto wa Tabata, ya Kisukuma kwa yule wa Simiyu, mwaka mmoja au miwili, mpaka awe amezoea kwamba herufi zinasema jambo na jambo hilo linaweza kuwa la uongo. Kiingereza kingekuja baadaye kikute mtu. Na kila ukurasa wa kitabu cha kwanza ungekuwa na paka wake anayefua nguo, yaani sentensi moja ya kipuuzi ya kumtega mtoto. Haigharimu chochote, mwalimu anaandika ubaoni anakaa kimya kuona nani anacheka.

Nilimwambia dada haya. Alinisikiliza akiwa anakunja nguo za shule. "Wewe ulisoma kwa Kiswahili shule ya serikali," akasema, "ukaingia kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza, ukalia mwaka mzima. Si ulikuwa unanisimulia mwenyewe? Mimi sitaki mwanangu alie."

Ni kweli nililia. Walimu walikuwa wakieleza seli na elektroni, nami nilikuwa nanakili umbo la maneno kutoka ubaoni kama anayechora. Mtoto anayefika pale na lafudhi nzuri na sauti 42 ana nafasi kubwa kuliko niliyokuwa nayo mimi, na mama anayemlipia hilo si mjinga, anaisoma nchi ilivyo. Nilikaa kimya kidogo, kisha nikamuuliza kama basi anaweza kuongea naye Kiingereza jioni jioni, wakati wa kuoga, wakati wa kufua, ili maneno hayo yapate vitu.

Dada akacheka. "Kiingereza gani, kaka? Mimi na wewe Kiingereza chetu ni cha barua pepe za kazini."

Ada ya muhula wa pili ilikuwa inatakiwa Ijumaa. Alikuwa ameshailipa.